Haikuwa gasketi: MR2 iliyochemsha kila ikipandisha Arusha

Gari ni Toyota MR2 ya kizazi cha pili, SW20, ile iliyoanza kutoka kiwandani Japani mwishoni mwa 1989 na kuendelea kutengenezwa kwa karibu miaka kumi. Viti viwili, taa za mbele zinazofunuka, mashine ya 3S-GE ya lita mbili iliyokaa nyuma ya mgongo wa dereva. Mwenye gari ni dada mmoja wa Njiro, mtaalamu wa maabara, aliyelinunua mkononi na kuamua kulihudumia mwenyewe uani kila inapowezekana. Lalamiko lake lilikuwa fupi: likishuka Moshi halina neno, likirudi linachemsha. Kuanzia Kikatiti mshale wa temperecha unanyanyuka, Usa River unapita nusu, na ukikuta foleni Tengeru basi ni kuzima kiyoyozi, kushusha vioo na kutafuta pa kuegesha.

Mafundi wawili, kwa nyakati tofauti, walimwambia neno moja: gasketi, yaani kile kizibo kilichobanwa kati ya hedi (sehemu ya juu ya mashine) na bloku, kimeungua. Wa pili, mwenye karakana maeneo ya Unga Ltd, alitaja na bei kabisa, laki saba na nusu, yaani kufungua hedi, kuipeleka kuskimu (kusawazishwa uso) na kuirudisha na gasketi mpya. Hakuwa tapeli. Dalili alizozitaja zilikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba alizisoma kama anayesoma Corolla.

Ukifungua boneti ya MR2 unakuta tairi la akiba na, mbele yake, rejeta. Mashine haipo hapo. Maji yanatoka kwenye mashine kule nyuma, yanapita chini ya sakafu katikati ya gari kwa bomba refu la chuma mpaka rejeta, kisha yanarudi kwa bomba la pili. Mfumo huu una sehemu tatu zilizoinuka: rejeta, hita iliyomo ndani ya dashibodi, na shingo ya kujazia maji iliyoko nyuma kwenye mashine. Kati ya sehemu hizo mabomba yanashuka chini kabisa. Kwa hiyo unaweza kumimina maji kule nyuma mpaka yakafurika na kumwagika, ukafunga mfuniko ukiwa na amani moyoni, kumbe mbele kuna lita kadhaa za upepo mtupu. Toyota walilijua hilo, ndiyo maana waliweka vali mbili ndogo za kutolea upepo, moja kwenye rejeta na moja kwenye njia ya hita. Asiyejua kwamba zipo hatazitafuta.

Historia ya gari

Sehemu hii ilipatikana kwa kuuliza tu, bila kushika spana. Miezi kadhaa nyuma hozi ya hita ilipasuka karibu na Boma Ng'ombe. Msamaria mmoja akasimama, akakata kipande kilichopasuka, akakaza klipu upya, akajaza maji ya bomba kwa ndoo hadi yakafurika. Gari likafika Arusha. Kwa kazi ya barabarani huwezi kumdai zaidi ya hapo, lakini hakuna aliyerudi kuikamilisha.

Gari lilipoanza kuchemsha, fundi wa kwanza alitoa themostati, vali inayofunguka yenyewe maji yakipata moto. “Dada, hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi.” Kwa wiki kadhaa, kwenye misele ya mjini, mshale ukabaki chini na ikaonekana dawa imepatikana. Ikaja safari ya Moshi.

Nisimame kidogo kwenye themostati, maana hili la kuitoa ni ugonjwa wa nchi nzima. Hoja ya mafundi ni kwamba themostati inazuia maji, na ukiiondoa maji yanapita bure. Kwenye baadhi ya mashine hoja hiyo ina ukweli nusu. Lakini kwenye 3S, kama Toyota nyingi za enzi hizo, themostati inafanya kazi mbili. Inapofunguka kuruhusu maji ya rejeta yaingie, sahani yake ya pili inaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huitumia kuzunguka ndani ya mashine bila kwenda kupoozwa. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sasa fikiria: maji yana njia fupi pale pale kwenye mashine, na njia ndefu ya kwenda mbele ya gari na kurudi kwa mabomba marefu. Yatapenda ipi? Sehemu kubwa inazunguka nyuma, na rejeta inapata makombo.

Na kuna hasara ya pili, inayoonekana asubuhi. Mwezi wa saba Arusha kuna baridi ya kuvaa sweta, na mashine isiyo na themostati inachukua muda mrefu kupata joto lake la kazi. Mwenye gari alikuwa ameligundua bila kuelewa maana yake: asubuhi mshale haupandi, mchana barabarani unapita kiasi. Gari moja, magonjwa mawili yanayopingana, chanzo kimoja.

Je, ni gasketi?

Kabla ya kutoa laki saba na nusu, alimrudia yule fundi wa Unga Ltd.

“Fundi, samahani, umejuaje kuwa ni gasketi?”

“Dada, inatupa maji kwenye chupa ya akiba, halafu kompresheni iko chini. Nimepima kwa mkono wangu.”

Alimwomba namba, na fundi, kwa heshima yake, alikuwa ameziandika kwenye kipande cha boksi la gasketi. Silinda zote nne zilikuwa karibu kilo 11 kwa sentimita mraba, na hakuna iliyoachana na mwenzake hata kwa nusu kilo. Ni kweli zilikuwa chini ya kile kinachotajwa kwenye kitabu cha gari. Lakini kitabu kinachukulia upo usawa wa bahari. Geji ya kompresheni inapima hewa ambayo mashine imeivuta na kuibana, na Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Dar es Salaam. Mashine nzima kabisa itasoma chini kwa takriban asilimia 15. Gasketi iliyoungua kati ya silinda mbili huziangusha hizo mbili na kuziacha nyingine. Ni vigumu silinda nne zikubaliane kushuka kwa kipimo kimoja. Ringi za pistoni zilizochakaa zingeweza kuzishusha zote, sawa, lakini gari hili halikuwa likila oili, na ringi hazichemshi maji.

Hilo peke yake halitoshi kuisafisha gasketi. Akaendelea na vipimo ambavyo mtu yeyote mwenye spana ya plagi anaweza kufanya. Alitoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Silinda inayoingiza maji huosha plagi yake ikawa safi kupita wenzake; hizi zote zilikuwa na kahawia ileile kavu. Akavuta kijiti cha oili na kuangalia chini ya mfuniko wa oili: hakuna rangi ya chai ya maziwa, ile ya oili iliyochanganyika na maji. Asubuhi, mashine ikiwa baridi kabisa, akafungua mfuniko wa maji, akawasha na kukodolea macho shingo ya kujazia. Moshi wa silinda unaovuja kupitia gasketi huja kama mapovu mfululizo, na ukikanyaga mafuta yanazidi. Hapa mapovu yalikuja kwa mafungu, makubwa mawili matatu, kisha kimya, kisha mengine. Huo ni upepo uliokwama unaotafuta njia ya kutokea.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha bure na karibu hakuna anayekifanya huku kwetu, kwa sababu hita za magari yetu hukaa mwaka mzima bila kuguswa. Mshale ukiwa juu, washa hita mpaka mwisho wa moto. Ikipuliza joto kali, maji yanafika kwenye hita. Ikipuliza baridi wakati mashine inaungua, basi kwenye hita hakuna maji, kuna upepo, au maji yamepungua vibaya. Alifanya hivyo akiwa kwenye foleni ya Tengeru na kupulizwa hewa ya baridi usoni. Mshale wenyewe ulikuwa ukiruka: unapanda, unaanguka ghafla, unapanda tena. Kihisi kikizungukwa na upepo badala ya maji hakiambiwi ukweli.

Chupa na mfuniko

Imebaki hoja ya fundi kuhusu maji kutupwa kwenye chupa. Hapa ndipo mwinuko wa Arusha unaporudi, na safari hii si mchezo.

Mwenye gari alifanya kitu ambacho mtu wa maabara ndiye angekifikiria: aliweka sufuria jikoni na kuchovya kipimajoto. Maji ya Njiro yalichemka kwenye nyuzi 95 na nukta. Tunafundishwa mia moja, lakini mia moja ni ya pwani. Kila unapopanda mita 300 hivi unapoteza kama nyuzi moja. Sasa Toyota nyingi za miaka hiyo huwasha feni ya rejeta maji yakifika karibu nyuzi 93. Weka namba hizo mbili pamoja: feni inaamka 93, maji yanachemka 95. Ungekuwa mfumo ulio wazi, gari lolote la aina hii lingechemsha Arusha kila siku.

Linalookoa ni mfuniko. Mfuniko wenye alama ya 0.9 hubana mfumo mpaka maji ya Arusha yasichemke kabla ya kufika karibu nyuzi 115. Kwa hiyo nafasi yako yote ya usalama, nyuzi ishirini nzima, imekaa chini ya springi moja na mpira wa duara usiozidi upana wa kifuniko cha chupa ya maji. Kwenye gari hili mpira huo ulikuwa umepasuka ukingoni, na kale kavali kadogo ka katikati, kanakofunguka gari likipoa ili kuvuta maji yarudi kutoka kwenye chupa, kalikuwa kameganda kwa kutu. Maji yakipanuka yanatoka. Gari likipoa hayarudi. Chupa inajaa, mashine inapungua, nafasi yake inachukuliwa na upepo mpya, na kesho yake mwenye gari anaona chupa imejaa na kudhani maji yapo ya kutosha. Fundi aliona maji yakitupwa, na alikuwa sahihi. Yalikuwa yakitupwa na mfuniko.

Na barabara nayo ina mchango wake. Uwanja wa ndege wa KIA uko mita 894 juu ya usawa wa bahari, na kutoka pale hadi mjini, kwa kilomita zisizofika hamsini, unapanda karibu mita 500. Huoni mlima, ndiyo maana watu hushangaa. Juu ya hapo, vibao vya 50, matuta na trafiki wenye tochi havikupi nafasi ya kukimbia ili upepo upige rejeta. Mashine inavuta mzigo wa kupanda kwa mwendo wa pole, jua la mchana, kiyoyozi kimewashwa.

Kurekebisha

Spea hazikumsumbua. 3S ni jamii ileile ya mashine iliyomo kwenye RAV4 za kwanza, na RAV4 za kwanza zimejaa Arusha. Dukani walimtolea themostati ya 3S yenye mpira wake. Kabla ya kuifunga aliichovya kwenye sufuria ileile na kuhakikisha inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 kama ilivyogongwa muhuri. Kuna jambo dogo la kuangalia: themostati hii ina kijitundu chenye kipini kinachocheza. Kipini hicho kikae juu, maana ni mlango wa upepo. Ukikigeuza chini umejiundia mtego mwingine. Mfuniko alinunua mpya wenye 0.9. Alikataa ule wa 1.1 waliotaka kumuuzia kwa maneno kwamba “huu una nguvu zaidi”. Hozi na rejeta za umri huu hazihitaji kujaribiwa nguvu. Ile hozi ya hita iliyokatwa barabarani ilikuwa fupi na imejivuta, nayo akaibadilisha.

Maji ya zamani yalitoka na rangi ya matope mekundu. Aliyakinga yote kwenye beseni, jambo ambalo wengi hupuuza: kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ina utamu na inaua mbwa, na Njiro kila geti lina mbwa. Akasafisha mfumo kwa maji safi mpaka yakatoka meupe, kisha akachanganya kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Mfumo mzima unameza zaidi ya lita kumi, kwa hiyo dumu moja la lita tano ulilozoea kwenye gari la kawaida halikufikishi.

Kutoa upepo ndiyo kazi yenyewe. Jirani yake kulikuwa na mafundi uashi wanapandisha nyumba, na aliona wanavyopima levo kwa mpira mwangavu wenye maji.

“Mafundi, habari za kazi? Huu mpira mnanunua wapi?”

“Salama, dada. Duka lolote la vifaa vya ujenzi, wanauza kwa mita. Na wewe unajenga?”

“Najaza maji gari.”

Walicheka, lakini mmoja alipopumzika alikuja kuangalia, na alielewa haraka kuliko mafundi magari wote wawili. Maji yakiungana hujitafutia usawa mmoja. Ndiyo levo ya ukuta, na ndiyo levo ya MR2.

Gari lilikaa sehemu tambarare, baridi, kitufe cha hita kikiwa kwenye moto. Alinunua mpira mwembamba zaidi ya ule wa waashi, akaukata vipande viwili, akavichomeka kwenye zile vali mbili za mbele na kuvining'iniza kwenye boneti iliyofunguliwa, ncha zikiwa juu kuliko shingo ya kujazia kule nyuma. Akafungua vali. Akaanza kumimina nyuma, polepole, mwashi akisimama mbele kuangalia mipira. Mpira wa rejeta ulianza kwa kuzomea, ukatema povu la rangi ya kutu, kisha kulanti ya kijani ikapanda taratibu ikikatwakatwa na mapovu. Wa hita ulikaa kimya muda mrefu kiasi cha kudhani umeziba. Alipobinyabinya hozi ya hita kwa mkono ulikohoa mara moja na kuanza kupanda. Aliendelea kumimina mpaka maji kwenye mipira yote miwili yakalingana na yale ya shingoni, na hayakushuka tena. Kwa hesabu ya madumu, ziliingia lita tatu na ushee zaidi ya zile zilizowahi kuingia kwa kujaza nyuma peke yake. Hizo ndizo “gasketi” zake.

Akafunga vali, akawasha mashine mfuniko ukiwa wazi, akaongeza maji kadiri yalivyoshuka, akafunga mfuniko, akasubiri feni iwake na kuzima yenyewe. Asubuhi yake, gari likiwa baridi, alirudia hatua ya mipira na kupata mapovu machache ya mwisho. Ukilifanya hili, usiguse mfuniko mashine ikiwa ya moto hata kama unadhani imepoa. Na ukiingia chini kukagua mabomba, weka stendi, jeki peke yake haikai chini ya gari lenye mtu.

Jaribio alilifanya Jumamosi saa saba mchana: kushuka hadi njia panda ya KIA na kurudi, kiyoyozi kimewashwa, hita ikijaribiwa kila baada ya muda kidogo. Mshale ulisimama chini kidogo ya nusu na kubaki hapo. Tengeru foleni ilikuwepo kama kawaida. Feni iliwaka, ikazima, ikawaka. Chupa ya akiba ilipanda gari likiwa la moto na kushuka mahali pake lilipopoa. Themostati, mfuniko, hozi, kulanti na mita chache za mpira, vyote havikufika laki mbili.

Fundi wa Unga Ltd alipopelekewa habari hakununa. Aliuliza maswali ya maana kuhusu ile mipira, kwa sababu ana Noah za zamani za wateja, zile ambazo mashine imelala chini ya viti vya mbele, na kuna mbili ambazo amezifungua hedi na bado zinachemsha. Binafsi ningeanza na hizo mbili kesho asubuhi.

Kazi moja imebaki kwenye MR2. Yale mabomba marefu ya chuma, baada ya miezi kadhaa ya maji matupu ya bomba, yameanza kutu kwenye maungio ya mbele, na upande wa kulia kuna unyevu unaoonekana ukipitisha kidole. Bado hakuna tone linaloanguka. Amepima urefu na mapindo yake ili achongewe mengine ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ya kiwandani yaliyotumika, akiyapata, yatakuwa na umri uleule na kutu ileile. Mpaka yawe tayari, anakagua maungio hayo kila wikiendi na kubeba dumu la mchanganyiko kwenye buti pamoja na vipande vyake viwili vya mpira.